Cherehani kwa Kamera

Mdogo mtu alirudi kazini Jumatatu, baada ya kumzika dada yake, na kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kufuta vioo. Hakuna aliyemwonea. Ndiyo kazi ya kila Jumatatu katika duka lile la kamera: unafuta kabati, unafuta kaunta, unashusha picha mbili kubwa za ukutani, unazifuta, unazirudisha. Alizishusha, akazifuta, akazirudisha. Wenzake walimpa pole, akapokea. Akiambiwa kaa, anakaa. Akiambiwa kula, anakula, ingawa ukimuuliza baadaye alikula nini, hana habari.

Picha zile mbili ndizo zilizokuwa zinauza duka. Mwenye duka, ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Bwana Pikseli kwa kuwa hamalizi sentensi mbili bila kuzitaja, alikuwa amempiga picha fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mlangoni pa karakana yake, asubuhi yenye jua zuri. Alimpiga kwa kamera ya kawaida, kisha kwa ile kubwa ambayo mteja akisikia bei yake hujikuna shingo. Chini ya picha moja kibao kinasema KAMERA YA KAWAIDA. Chini ya nyingine, KAMERA YA DARAJA LA JUU. Fundi ni yuleyule, kofia ya chuma kaipandisha juu ya paji la uso, jasho puani, anacheka. Mteja akisitasita, Bwana Pikseli humshika bega, humsimamisha mbele ya ukuta na kumuuliza, "Wewe mwenyewe, kwa macho yako, huoni tofauti?"

Na mteja huiona.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja, duka halina mtu, mdogo mtu aliinua macho akagundua kuwa alizirudisha kinyume. Katika picha ya kamera kubwa geti la karakana lilikuwa wazi nusu. Alilikumbuka geti lile, kwa sababu ndiye aliyeshika kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga wakati fundi akipigwa picha kwa kamera kubwa, na lilikuwa likimgonga kiuno. Sasa geti hilo lilikuwa juu ya kibao cha kawaida. Maana yake, muda wote huo wateja walikuwa wanasifu picha ya kamera ndogo, kisha wanafungua pochi na kulipia kubwa. Bwana Pikseli mwenyewe, anayejisifu kuwa anaweza kuhesabu kope za nzi, alikuwa akiinyooshea kidole kila siku.

Aliitazama hali ile kama mtu anavyotazama mvua inayonyesha mtaa wa pili. "Nitamwambia," alijisemea, na hakumwambia. Haikuwa woga. Kati ya kusema na kunyamaza, hakuona lililo zito kuliko jingine.

Hata sala ilikuwa hivyo. Alikuwa mtu wa sala na hakuiacha. Alipiga magoti asubuhi na jioni, akaomba alivyozoea kuomba, akasema amina. Maneno yalitoka yote. Yeye tu ndiye hakuwa amekwenda nayo.

Ndipo mchana mmoja shemeji yake akaingia dukani. Ni mume wa marehemu, mpiga picha wa harusi na mahafali, mtu wa maneno mengi ambaye tangu msiba alikuwa anayatoa maneno yaleyale, ila bila chumvi.

"Shemeji, mbona mmekauka hivi? Duka au mochwari?" alisema, kisha akasikia alichosema, akashika kaunta.

"Karibu, shemeji. Umekula?"

"Nimekula maneno ya wateja. Juzi bwana harusi kaitazama kamera yangu, kaniuliza kama ni ya mtoto wangu."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ni ya mtoto, lakini mtoto mwenyewe ana adabu." Akanyoosha kidole kwenye kabati. "Nimekuja kwa hilo jitu."

Mdogo mtu hakugeuka. Jitu lilikuwa moja tu mle kabatini. "Unajua bei yake?"

"Naijua. Nimepata mtu wa cherehani. Anaichukua kesho mchana."

Cherehani ilikuwa moja katika nyumba ile: ya marehemu, ya kukanyaga kwa mguu, yenye meza ya mbao iliyochakaa upande wa mkono wa kulia. Marehemu alishonea mtaa mzima juu yake. Binti yake alijifunzia kushona papo hapo, akiwa amesimama kwa kuwa miguu haijafika chini. Sasa binti amekwisha kuwa mkubwa, na shuleni hakurudi. Sare za watoto wa majirani ndizo zilizokuwa zinampa riziki, hadi msiba ulipotokea na cherehani ikafunikwa shuka.

"Mtoto atashonea nini?" aliuliza mdogo mtu.

"Atangoja kidogo. Kamera ikianza kuzaa nitamnunulia nyingine, ya umeme. Hata hii naye haigusi."

"Haigusi kwa kuwa umeifunika."

"Shemeji, nimekuja kununua. Niuzie."

Kuna namna mguu uliokufa ganzi unavyoanza kuchomachoma, na mtu akatamani ungebaki umekufa. Kitu cha namna hiyo kilimpitia mdogo mtu kifuani, kidogo tu, kikatulia. Alishika kitambaa akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Hakujua namna ya kumwambia mume wa dada yake kwamba ile cherehani isiuzwe. Alichojua ni kamera. Akaanzia hapo.

"Harusi zako nyingi ni za mchana au za usiku?"

"Mchana. Watu siku hizi wanaogopa gharama za ukumbi."

"Hii kubwa kazi yake ni gizani. Kwenye ukumbi wa taa hafifu ile yako inaleta chengachenga, hii haileti shida. Hapo sikudanganyi, bei inajitetea. Lakini juani? Na picha zako watu wanazitazamia wapi?"

"Kwenye simu."

"Kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Lenzi yako ina ukungu tangu mwaka juzi, nimekwambia uilete isafishwe hujaileta. Safisha lenzi. Mwili wa kamera uache."

"Wewe ni muuzaji gani unayefukuza mteja?"

"Wa kwako."

Shemeji akacheka kwa pua. Kisha akamshika mkono, kwa upole, akampeleka mbele ya ukuta kama vile yeye ndiye mwenyeji na mdogo mtu ndiye mgeni. "Haya, nikufundishe, maana kuuza si kujua. Mtazame huyu fundi." Alielekeza picha iliyo juu ya kibao cha daraja la juu. "Ona jasho. Kila tone limekaa peke yake. Ona uzi uliochomoka kwenye kola. Ona ndani ya jicho, mpaka mtu aliyempiga anaonekana. Sasa njoo hapa kwa ya kawaida. Umeona? Imelala. Hana roho huyu. Ni yeye, lakini kama amekatwa umeme."

Alizungumza hivyo muda mrefu, na alizungumza vizuri. Mdogo mtu alimsikiliza hadi mwisho. Alimwona shemeji yake kwa mara ya kwanza tangu makaburini: shati limekunjamana mgongoni kwa kupigwa pasi na mtu asiyejua, ndevu zimeachwa upande mmoja.

"Nilizibadilisha," alisema.

"Nini?"

"Picha. Siku niliyorudi kazini nilizifuta nikazirudisha kinyume. Hiyo unayoisifu ni ya kamera ndogo."

"Si kweli."

Akamshushia zote mbili, akazigeuza juu ya kaunta. Nyuma ya kila fremu kulikuwa na karatasi ya mchapishaji yenye jina la kamera. Shemeji aliinama, akasoma, akazigeuza, akazitazama nyuso, akazigeuza tena. Ni mtu aliyelisha familia yake kwa jicho lake.

"Jamani, nani amenivulia ukuta nguo?" Bwana Pikseli alitoka ofisini na kikombe mkononi. Akaelezwa. Alisoma karatasi za nyuma, akatazama mbele, akanywa chai. "Tangu lini?"

"Tangu niliporudi msibani, bosi."

"Na mimi nilikuwa napita hapa kila siku?"

"Kila siku."

Alifikiri. Uso wake ulipita hasira, ukapita aibu, ukafika kwenye biashara ukakaa hapo. "Basi zirudishe hivyohivyo. Zilikuwa zinauza."

"Hapana, bosi. Naziweka mahali pake."

"Mama, mimi ndiye ninayekulipa."

"Ndiyo. Lakini jioni napiga magoti, na Mwenyezi Mungu hanunui kamera. Nitamwambia nini?"

Bwana Pikseli alifungua mdomo, akamwona shemeji bado ameinamia fremu, akamkumbuka ni nani. Aliondoka na kikombe chake, akisema kwa sauti ya kujisikizisha kwamba pikseli ziko palepale, tatizo ni macho ya watu.

Mdogo mtu alidhani kazi imekwisha. Alichukua misumari, akapanda stuli, akaanza kutundika.

"Bado naitaka," shemeji alisema nyuma yake.

Akageuka. "Hata baada ya kuona?"

"Nipe ileile. Kubwa."

"Kwa ajili ya nini, shemeji? Umeona mwenyewe hakuna..."

"Ni ile cherehani!" Hakupaza sauti, ila ilikatika. Akaendelea kwa chini. "Nikirudi nyumbani, naingia, iko pale. Imefunikwa shuka, imekaa kama mtu. Nikilala najua iko pale. Nataka itoke. Sasa niambie, nitaitoaje? Niseme nimeiuza kwa sababu inanitazama? Mtoto nitamwambia hivyo? Wewe ungenielewa?" Alifuta mdomo kwa kiganja. "Nikiiuza ninunue kamera ndogo, watu watasema kauza cherehani ya marehemu kwa kitu cha kuchezea. Lakini hii... Mtu akisikia bei ya hii ananyamaza. Ndiyo maana naitaka. Ingekuwa rahisi ningeiacha."

Mdogo mtu alikaa juu ya stuli na misumari kiganjani. Miaka yote hiyo alikuwa anawaeleza watu kwa nini kamera ile ni ghali. Aliwaeleza juu ya giza, juu ya kasi, juu ya kadi mbili za kuhifadhi picha ili moja ikifa nyingine ibaki. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu angeweza kuja kununua ule ughali wenyewe.

"Niletee mimi," alisema.

"Kukuletea nini?"

"Cherehani. Usiiuze. Itoe, lakini niletee mimi. Mtoto atakuja kushonea kwangu."

"Kwako wapi? Una chumba kimoja, na kitanda kimekijaza."

"Kitanda nitakisogeza."

"Utapita wapi?"

"Shemeji." Alishuka kwenye stuli. "Usiuze cherehani ya dada yangu."

Ndivyo alivyosema, hayo tu. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba apishwe mlangoni. Shemeji alitazama jitu kabatini, akatazama viatu vyake. Kisha akatoa simu, akampigia mnunuzi, akamwambia samahani ndugu yangu, imeshapata mtu. Alitukanwa kidogo. Akasema ndiyo, ndiyo, una haki.

Alipotoka, mdogo mtu alimalizia kutundika: geti wazi juu ya kibao cha daraja la juu, geti lililofungwa juu ya kibao cha kawaida. Haikupita muda, akaingia mwanamume na mkewe. Mke alisimama mbele ya ukuta, akainamisha kichwa huku na huku, akasema, "Lakini ukweli usemwe, unaiona tofauti." Bwana Pikseli alichungulia kutoka ofisini, akarudisha kichwa ndani.

Kesho yake mchana mkokoteni ulifika. Shemeji alisukuma, binti alishikilia ili isianguke, na mwenye mkokoteni alilalamikia uzito kana kwamba anaibeba peke yake.

"Mama mdogo, haitapita mlangoni," binti alisema.

"Itapita. Ilale ubavu."

Ilipita, ikachuna rangi ya mlango. Kitanda kilikuwa kimesukumwa hadi dirishani, kabati limepanda juu ya sanduku, na ili kufika kwenye maji ya kunywa ilibidi mtu apande kitandani na kushukia upande wa pili. Shemeji alisimama nje. Ndani hapakuwa na pa kuweka mguu wa mtu wa tatu.

"Lenzi nimeileta," alisema kutoka nje. "Isafishwe."

"Iweke hapo."

Binti alivuta shuka. Chini ya sindano kulikuwa na kipande cha nguo, mkono wa shati jeupe la shule, umeshonwa hadi nusu na kuachwa, sindano bado imezama ndani. Tangu marehemu alipouacha, hakuna aliyeugusa. Binti alirudisha mikono nyuma.

"Ni la nani?" mdogo mtu aliuliza.

"La mtoto wa jirani. Mama yake alisema tusihangaike nalo, amenunua jingine."

"Malizia."

"Mama mdogo..."

"Kaa. Malizia, tumpelekee."

Hapakuwa na kiti. Binti alikaa ukingoni mwa kitanda, na mdogo mtu akakaa kando yake, maana ndipo palipobaki. Binti alizungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, sindano ikatoka, ikaingia tena. Kisha mguu ukaanza kukanyaga. Uzi ulikuwa uleule. Mshono ulikwenda sawasawa, na ulipofika kwapani ukapinda kidogo, binti akasimamisha.

"Umekwenda upande. Niufumue?"

"Mpaka wapi?"

"Mpaka pale alipo... mpaka pale nilipoanzia."

Mdogo mtu aliinama, akautazama mshono kwa karibu, wa kwanza na wa pili, akapitisha kidole mahali ilipokutana. Kidole kilihisi kifundo kidogo cha uzi. Alikipapasa muda.

"Acha hivyo," alisema. "Endelea."