Mtoto Aliyefunga Kuliko Sisi

Wanasema niliivuruga ibada. Kweli niliivuruga, na sitaomba radhi.

Binti yangu Irambona ana miaka kumi na sita. Mwaka jana alianza kufunga na kikundi chetu cha maombi hapa Kirushya, Jumatano na Ijumaa. Sisi jioni tulikula, yeye akaendelea. Yuster, kiongozi wetu, akamsimamisha mbele: "Tazameni mtoto anavyoushinda mwili!" Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, mjinga mkubwa.

Kadiri alivyokonda ndivyo walivyomtukuza. Wanawake wenye wajukuu walimpigia magoti awawekee mikono. Nyumbani alipima mkono wake kwa vidole, na ndizi na maharage nilivyompakulia nikavikuta vimemwagwa migombani. Hedhi ilipokoma, nikampeleka zahanati kimyakimya, kana kwamba nimeiba.

Tabibu Pancras alimpima mapigo mara mbili.

"Mama, huu si mfungo tena. Ni ugonjwa wa akili unaoshika kwenye kula, na unaua. Gari la wagonjwa linakwenda hospitali saa nane. Awemo."

"Nimlishe kwanza?"

"Usimshindilie. Mwili uliokaa na njaa hivi ukijazwa ghafla, moyo unaweza kusimama. Kule wataanza kidogo kidogo, na yupo wa kuzungumza naye juu ya hofu yake ya kunenepa."

Tulirudi nyumbani kuchukua nguo. Nikiwa chumbani nazikunja, Yuster akapita na kumchukua akaanze mfungo wa siku saba kanisani.

Nilikimbia hadi kanisani. Irambona alikuwa amepiga magoti katikati ya wanakikundi, kucha zimekuwa za bluu.

"Dada Speciosa, usimrudishe nyuma mtumishi," Yuster akasema. "Siku saba tu."

"Siku saba atakuwa kaburini!" Nilipiga kelele hadi sauti ikakwaruza. "Ambaye hajala leo anyooshe mkono! Wewe Yuster, asubuhi umekunywa nini?"

"Uji," akajibu, akitazama chini.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Irambona aliwatazama mmoja mmoja.

"Wote mmekula?" akauliza.

Sikungoja wamjibu. Nilimbeba mgongoni, mtoto wa kidato cha pili, wala sikuhema.

Garini aliniuliza kama hospitalini watamnenepesha. Nikamwambia ndiyo. Akanivamia kwa makucha, akaniita shetani, akautafuta mlango. Nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote, asishuke.