Kwa Nini Mfalme Hakuuliza

Kaka yangu Nzivo alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisoma mashairi ya kale ya Wagiriki na Warumi. Mimi niliishia darasa la nane. Nikipiga pasi, yeye hunisomea kwa Kiswahili ili yamwingie kichwani.

Katika shairi moja, mgeni aliyelowa mvua anabisha hodi kwa mfalme. Analishwa siku nzima, hakuna anayemuuliza jina. Nzivo aliandika kwamba mshairi alisahau. Mhadhiri akamrudishia karatasi, aandike upya kufikia Jumatatu.

Nikamwambia mshairi hakusahau. Jirani yetu hapa Makongeni, Mama Batulo, hupokea watu waliokimbia vita Somalia. Mwaka mzima nimemwangalia: mgeni hula kwanza, jina baadaye. Aliniambia ukitanguliza kuuliza, waweza kusikia ni wa ukoo uliokuulia ndugu, mkono ukashindwa kupakua. Akishakula kwako, huwezi tena kumfukuza. Mshairi alilichelewesha jina makusudi, ili mfalme afungwe na chakula chake mwenyewe.

Nzivo alicheka. Kisha akaandika yote.

Jumamosi wenzake Kadar na Beldina walikuja kusomeana kazi. Nikawa nawamiminia chai. Beldina akamsifu, akamuuliza hiyo maneno ameitoa wapi. Nzivo akasema alikaa tu akafikiria.

Niliweka birika chini. "Hiyo ni yangu, Nzivo. Andika jina langu hapo."

Akaninong'oneza kwa Kikamba nisimwaibishe, tutaongea baadaye. Nikamjibu kwa Kiswahili, wote wasikie, kwamba tutaongea sasa.

"Sista, hapa unataja kitabu, unataja profesa. Siwezi kuandika nimefundishwa na mtu wa darasa la nane."

"Na huyo mshairi wako alifika darasa la ngapi?"

Kadar akapaliwa na chai. "Buda, hapo umeshikwa," akasema. "Hata kwetu mgeni anakula kwanza. Nimekaa na hii shairi mwezi mzima na sikuona."

Nzivo akasema mhadhiri atacheka.

"Acheke nikiwa hapo. Usipoandika, Jumatatu nakuja kumweleza mwenyewe. Chuo nakijua, na miguu ninayo."

Alinitazama aone kama natania. Kisha akanisukumia karatasi na kalamu, akasema basi niandike mwenyewe.

Niliandika kwa wino, herufi kubwa: Mbinya Kitonga, Makongeni. Nikavuta kiti, nikawaambia waendelee na shairi linalofuata, wasome polepole.