Sukari ya Mtu Asiyekula

Fundi cherehani alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimletea suruali iliyochanika, atataka kwanza kujua ilichanikia wapi. Kwa hiyo siku ya tatu ya mkewe kulazwa, muuguzi alipomtoboa mgonjwa kidole na kipimo cha sukari kikasoma kumi na tatu, karibu mara mbili ya kawaida, fundi alishindwa kunyamaza.

"Sista, huyu hana kisukari. Na tangu juzi hajatia kitu kinywani. Hiyo sukari imetoka wapi?"

Mama watoto alilazwa kwa kidonda cha mguuni, kidogo tu. Vijidudu vilipenya, mwili ukapambana navyo kwa pupa mpaka ukaanza kujiumiza wenyewe. Madaktari waliiita hali hiyo sepsisi. Alikuwa akihema mbiombio, macho kayafumba.

"Anajila, baba," muuguzi alisema, akibadilisha dripu. "Mwili unavunja nyama zake, ini linatengeneza sukari. Lakini sukari yenyewe inazagaa kwenye damu, maana insulini, inayoiamuru iingie kwenye misuli, haisikilizwi tena kama zamani. Ndiyo maana tunamwongezea insulini."

Jibu hilo halikumtoka fundi kichwani. Mtu kalala chali, hajainua hata kijiko, kumbe ndani hakulaliki. Siku ya tisa, homa imeshuka na uvimbe umekwisha, alitoa tepu mfukoni akapima paja la mguu usio na kidonda. Vipimo vya mkewe alivijua kwa moyo. Inchi moja na nusu haikuwepo. Alirudia kupima, kisha akakunja tepu kiganjani.

Nyumbani, mkewe alishindwa kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Alikula mayai na maharage kama aliyeamriwa, huku akimsikiliza mumewe akimsimulia siku asizozikumbuka.

"Ngoja, baba watoto," alimkatiza. "Moyo nao si nyama? Mbona wenyewe haukuliwa?"

"Hilo tutamuuliza daktari," fundi alisema.

Siku ya kliniki mama aliingia akitembea kwa mkongojo. Kabla hata daktari hajamuuliza hali, alimtupia swali lile.

Daktari alicheka. "Hata moyo ulilegea siku zile, mama. Tuliuona kwenye picha. Sasa umerudi vizuri. Miguu itachukua miezi."

"Na kwa nini moyo uwahi, miguu ichelewe?"

Daktari aliweka kalamu chini, akamvutia kiti. "Moyo ulichoka tu, mama, ila miguu ililiwa nyama, na nyama hujengwa polepole." Fundi naye akasogeza chake.