Namba Zilizoonjwa

Asante ya kupokea kikombe cha chai haimsumbui mtu. Ipo nyingine, ya kumshukuru aliyekuharibia, na hiyo, jamani, ina miiba. Chapchap alikaa nayo kooni karibu wiki nzima kabla haijatoka.

Jina la Chapchap alipewa na wenzake wa maabara ya kompyuta, likamkaa. Alitembea upesi, alikula upesi, na utafiti wake wa shahada ya udaktari ulihusu upesi huohuo: kompyuta dhaifu itawezaje kutoa data nyingi bila kumchelewesha mtu. Wazo alilipata kwa dada yake, muuguzi wa kliniki yenye kompyuta zilizochoka. Daktari akiomba picha ya eksirei, kile kiduara kwenye kioo kinazunguka, kinazunguka, mgonjwa anakohoa, foleni imenuna. “Mdogo wangu,” dada alimwambia siku moja, “na usomi wako wote huo, huwezi kutuondolea kiduara hiki?”

Akaamua kuweza. Kliniki ikampa rekodi za miaka miwili, majina ya wagonjwa yakiwa yamegeuzwa namba: nani ana miadi lini, picha ipi iliombwa lini, na ipi ikafuata. Akaifunza mashine kwa rekodi hizo mpaka ikawa inabashiri picha itakayoombwa na kuivuta mapema kutoka kwenye diski, ili daktari akibonyeza tu aikute inamsubiri. Akaipima. Lo! Ilipatia karibu kila mara. Profesa wao, mama mmoja mpole asiyependa kelele, alizitazama zile namba akavua miwani, akazitazama tena. Wakaandika makala, wakaipeleka kwenye mkutano mkubwa wa watafiti, ikakubaliwa. Juu yake majina matatu: la Chapchap, la profesa, na la jamaa wa meza ya dirishani aliyejenga ile sehemu ya kuvuta picha, ambaye wote walimwita Rudia.

Sasa huyo Rudia. Kila maabara ina desturi zake, na hii ilikuwa na moja: hakuna namba inayochapishwa mpaka mtu mwingine aipate upya, kwenye kompyuta yake, kwa mikono yake, bila kunong'onezwa na mwenyewe. Waliita kuonja. Mpishi, walisema, haonji peke yake. Ulimi wake umeshazoea chumvi. Wengi walionja kwa adabu, kijiko kimoja, tamu sana, hongera. Rudia alionja kama mtu aliyetumwa na wakwe. Ukimpelekea kazi yako, aliirudisha na neno moja tu: rudia. Ndilo likawa jina.

Yalipobaki masahihisho ya mwisho, zamu ya kuonja ikamwangukia yeye. Chapchap hakuwa na wasiwasi hata chembe. Makala ile ndiyo ingemhitimisha mwaka huo. Kliniki ilikuwa inausubiri mfumo. Na mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani, na jambo la mama likishafika kwa majirani, halina reverse.

Asubuhi moja Rudia akaja na kiti chake mpaka mezani kwa Chapchap. Hakukikalia.

“Zile rekodi uligawaje? Za kujifunzia na za mtihani?”

“Nilizichanganya, nikazigawa. Kama kila mtu.”

“Ulizichanganya.”

“Kama karata, bwana. Kwani vipi?”

Rudia akakaa. “Mgonjwa mmoja akija, daktari anafungua picha zake nne tano mfululizo. Ukizichanganya, nyingine zinaingia darasani, nyingine zinaingia kwenye mtihani. Mashine yako haibashiri, dada. Inakumbuka. Tumeionyesha majibu kabla ya mtihani. Mimi nimeifunza kwa mwaka wa kwanza peke yake, nikaipa mtihani wa mwaka wa pili.”

“Ikapata ngapi?”

“Imeanguka. Vibaya.”

Chapchap alimtolea maneno ambayo mengine nayameza, maana yanawavunjia heshima waliomlea. Alimwita mchawi. Alimwita mtu asiyeweza kuona mwenzake ana sahani bila kutia mchanga. “Wivu unakuua!” alisema, sauti ikafika mpaka kwenye korido. Rudia alisikiliza yote huku ameinamisha kichwa, kisha akainua kiti chake.

“Basi rudia mwenyewe,” akasema, akaenda zake.

Akarudia. Yakatoka yaleyale. Kwa hasira akatunga kanuni ya kipuuzi, mistari mitatu tu: asubuhi, vuta picha za karibuni za wagonjwa wenye miadi leo, nafasi ikibaki, vuta za waliokuja juzijuzi. Hakuna kujifunza, hakuna mashine, hakuna lolote. Na kanuni hiyo ya kipuuzi ikaishinda kazi yake ya miaka yote ile. Chapchap alijifungia chooni akalia, akanawa uso, akatoka, akarudi kulia tena.

Tusidanganyane: alifikiria kunyamaza. Waliopitia makala walikuwa wamesharidhika. Aliyejua ni Rudia tu, na neno la mtu mmoja linaweza kuzungushwa. Wazo hilo lilikaa naye siku nzima, tena likamwandalia na sababu. Lakini mfumo ulikuwa unakwenda kliniki. Mashine inayobashiri vibaya ingejaza zile kompyuta dhaifu picha zisizotakiwa, na kiduara kingezunguka kuliko zamani, na wa kutazamana na foleni ni dada yake. Hapo ndipo alipochukua simu.

“Dada, ule mfumo haufanyi kazi.”

“Haufanyi kazi kabisa?”

“Haufanyi. Nilikosea mimi, mwenzangu akagundua.”

Upande wa pili kikohozi cha mtu kikasikika kwa mbali. “Afadhali umejua wewe huko,” dada akasema, “kuliko ningejulia mimi hapa mbele za watu. Huna kingine?”

“Nina kanuni. Ya mistari mitatu. Haina usomi wowote.”

“Inaondoa kiduara?”

“Inaondoa kiasi chake.”

“Basi lete hiyo, usomi utanikuta. Na huyo aliyekuambia umekosea, umemshukuru?”

Chapchap akaaga upesi, akakata simu.

Kesho yake akaenda kwa profesa, akabaki amesimama mlangoni. “Mama, naomba tuiondoe makala.” Akaeleza yote, karata na mtihani na ile kanuni, bila kujipaka mafuta.

“Nilikuwa nakungoja,” profesa akasema.

“Ulijua?”

“Alikuja baada ya kugombana kwenu. Jina lake limo, asingeweza kuninyamazia. Lakini akaniomba nisikuite. Akasema, atakuja mwenyewe, na akija mwenyewe litakuwa kosa tu, halitakuwa aibu. Akanikataza nisikuambie kwamba alitangulia.” Profesa akafuta miwani kwa ncha ya mtandio. “Hilo nimelivunja, na lingine nalivunja pia. Unajua ufadhili wake unaisha lini?”

“Wa nani?”

“Wa Rudia. Muhula huu. Alibakiza makala moja ili ahitimu, na ndiyo hii. Wewe una mwaka mwingine, mwanangu. Yeye hana.”

Chapchap akakaa bila kukaribishwa. Majina matatu juu ya makala, na muda wote alikuwa akilisoma lake tu. Wivu! Alimwambia ana wivu.

Alimkuta Rudia kwenye benchi la korido, chakula chake kwenye kopo magotini, kijiko kimesimama hakiendi popote.

“Nilikuita una wivu.”

“Na mchawi.”

“Na mchawi. Nisamehe.” Akashusha pumzi. “Kwa nini hukunyamaza? Makala yangu ni yako pia. Ungenyamaza tu, ungehitimu.”

“Usinifanye malaika,” Rudia akasema. “Nilikaa nalo siku mbili sikuambii. Nilikuwa natafuta kosa kwenye kazi yangu mimi. Niliomba liwe langu, ningelirekebisha kimyakimya usingejua. Nilipoona silo langu, ndipo nikaja na kiti.”

Machozi yakamtoka Chapchap hapohapo, watu wakipita, na hakujisumbua kuyafuta. “Asante, kaka,” akasema. Hakuwahi kumwita kaka. “Umeniokoa, na mimi nikakutukana. Asante sana.”

Rudia akaachia kijiko. Akajifunika uso kwa kiganja. Chapchap akatambua kwamba tangu jambo hili lianze, waliofikiriwa ni yeye, dada yake na foleni ya kliniki, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtu huyu anaendeleaje.

“Na wewe?” akamuuliza. “Utafanyaje?”

“Sijui.” Ilitoka ndogo sana. “Kweli kabisa, sijui.”

“Basi tusijue wote wawili. Nimetunga kanuni ya kipuuzi, mistari mitatu tu, nayo imeishinda mashine. Kwa nini imeishinda? Hilo nalo ni swali la makala, na wa kulipima vizuri ni wewe. Twende kwa mama tukaombe uongezewe muda.”

“Sasa hivi? Sijamaliza kula.”

“Utamalizia hukohuko.”

Akamchukulia kopo la chakula, akalifunika vizuri lisimwagike, wakaenda wote kugonga mlango wa profesa.