Njia ya Magharibi

Karatasi mbili zilikaa chini ya mto wangu wiki nzima. Msellem alizileta kutoka ofisi ya safari ya Ghubra, hapa Maskati, akaziweka juu ya meza ya sebuleni kwetu, mbele ya mdogo wangu Shahad, na akasema, "Fungate hili ni lako. Chagua wewe."

Tulikuwa tumefunga ndoa mwezi wa Rajab, mwaka 1999, na harusi ingefanywa baada ya Idi. Katika miezi hiyo ya katikati nilikuwa mke wake kwa karatasi ya kadhi, lakini bado nalala kwa baba, na yeye akija anakaa kiti cha mbali na mlango unaachwa wazi. Nilikuwa nimemjua kwa miezi minne. Mengi niliyoyajua juu yake niliyapata kwa kumtazama, maana mimi si hodari wa kuuliza.

Meli ya watalii ilikuwa moja kwa karatasi zote mbili. Ingeondoka Miami na kurudi hapo hapo baada ya siku saba, ila njia zilikuwa mbili. Ya mashariki ilipitia Nassau, St. Thomas na St. Maarten, na picha zake zote zilikuwa fukwe nyeupe na maji ya magotini. Ya magharibi ilipitia Cozumel, Roatán na Grand Cayman: watu wananing'inia kwenye kamba juu ya msitu, wanazama na mitungi ya hewa mgongoni, wanasimama baharini kuwalisha taa kwa mkono, wale samaki bapa wenye mkia wa sumu. Mimi sijui kuogelea. Nilijua ninachotaka kabla sijamaliza kusoma.

"Mashariki," nikasema.

"Usifanye haraka," alisema Msellem. "Soma vizuri hii nyingine."

Siku tatu baadaye alipiga simu, nikamwambia tena mashariki. Akasema, "Fikiri bado. Mpaka Alkhamisi wanatushikia nafasi."

"Kakwambia uchague," Shahad alisema nilipoweka simu, "hajakwambia uchague unachotaka."

Usiku ule niliitazama karatasi ya magharibi karibu na taa. Chini ya jina la Grand Cayman palipigwa mstari wa penseli, kisha ukafutwa. Aliyeufuta alifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoka nyuzi. Mstari wa penseli si kitu. Lakini mtu hafuti kwa nguvu namna ile isipokuwa hataki uonekane.

Alipokuja Jumapili nilijikaza. Shahad alikuwa anamimina kahawa. Nikauliza huku nikitazama finjani, "Kwani Grand Cayman kuna nini?"

Mkono wa Msellem ulisimama juu ya sahani ya halua.

"Kuna mtu wangu pale," alisema. "Anaitwa Alaa. Tulikuwa wa ziwa moja."

Pumzi zikanishuka. Kwetu, watu wa Unguja, hilo ni neno kubwa na safi. Watu wa ziwa moja ni watu waliolazwa kifua kimoja na mama mmoja, ndugu kwa maziwa, hawaoani mpaka dunia iishe. Jina la Alaa huitwa wanaume na huitwa wanawake, na Kiswahili chetu hakimwambii mtu lolote: yupo, anakaa, anafanya. Lakini sikuhitaji kujua. Awe kaka awe dada, ni ndugu yake. Niliona haya kwa shaka zangu, na nikamsogezea halua.

"Basi ntaisoma tena ya magharibi," nikasema.

Alitabasamu. Siku hiyo aliondoka bila kunihimiza.

Jumatatu mama yake aliniita kwao Bawshar nikachague vitambaa. Bi Sayyida ni mwanamke mwema mwenye sauti ya chini. Wao walizaliwa Bujumbura, ambako yeye bado anakuita Usumbura kama walivyokuita wazee wake, wakahamia Maskati vita vilipoanza kule. Tulikuwa tumekaa chini, vitambaa vimetandazwa baina yetu, nami nilikuwa nimejaa mapenzi ya nyumba ile. Nikataka kuonyesha kwamba nawajua.

"Mama," nikamwambia, "mbali na Msellem, ulimnyonyesha nani mwengine?"

Alicheka. "Mimi? Mwanangu, hata huyo Msellem sikumnyonyesha miezi miwili. Niliugua, akakuzwa na maziwa ya kopo. Nani angeniletea mtoto wa pili?"

"Wala yeye hakunyonya kwa mtu mwengine?"

"Kwa nani? Nilikuwa namfunga mgongoni mwenyewe." Akaniangalia. "Kwa nini unauliza?"

"Nilidhani... Alaa."

Alikuwa ameshika hariri ya kijani. Akaikunja mara mbili, akaikunja tena, ikawa ndogo kama leso.

"Jina hilo amekupa nani?"

"Msellem."

"Hii kijani haikufai," alisema. "Inakutia weusi. Tazama ile ya zambarau."

Hatukulitaja tena. Aliponisindikiza mlangoni alinishika bega kwa muda mrefu kuliko kawaida, kama anayemshika mtu asidondoke, au asigeuke nyuma. Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa nahesabu. Mume wangu ameniambia uongo. Amechagua uongo ambao mke hawezi kuuliza juu yake, maana nani atamtilia shaka ndugu wa maziwa? Na mama yake anajua.

Nikakumbuka pia tabasamu lake juu ya halua.

Nilimwambia Shahad. Yeye ana miaka kumi na tisa na hana haya hata ya kuazima.

"Muulize, Alaa mwanamume au mwanamke. Maneno manne."

"Siwezi."

"Basi zungumza naye Kiarabu. Kiarabu hakifichi mtu. Mwanamke akifanya kazi kitendo kina *ta*, mwanamume akifanya kazi kina *ya*. Mtegee tu, atajitaja mwenyewe."

Jumanne alipopiga simu nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo. Siku zote sisi wawili tulizungumza Kiswahili, Kiarabu tunakiingiza kama chumvi. Nikasema kwa Kiarabu kitupu, na nikamfanya Alaa mwanamume makusudi, ili nione kama Msellem atanisahihisha: "Na Alaa, *mo yishtaghil* huko?" Anafanya kazi gani.

Nilisikia honi ya gari upande wake.

"Anafanya kazi hotelini," alisema Msellem, kwa Kiswahili.

Nikajaribu tena, kwa Kiarabu. Na anakungoja? Anajua tunakuja?

"Inshallah tutamkuta," alisema, kwa Kiswahili.

Nilipoweka simu Shahad hakuuliza. Aliuona uso wangu. "Kakimbilia Kiswahili," alisema.

Nilikaa siku mbili na jambo hilo. Nilijua kilichokuwa mikononi mwangu. Mpaka harusi ifanyike, bado niliweza kumwambia baba kwamba sitaki, na ningerudishwa kama kitu kilichopelekwa nyumba isiyo yake: si mwali tena machoni mwa watu, wala si mke. Wanawake wa namna hiyo tunawajua. Hutajwa kwa sauti ndogo. Au ningenyamaza, nipande meli, na nishuke Grand Cayman nimkute Alaa amesimama bandarini. Karatasi mbili zile hazikuwa tena za fukwe.

Alkhamisi asubuhi alikuja kutuchukua twende tukatie saini. Shahad alikaa nyuma. Tulipofika mbele ya ofisi nilimwomba akanunue maji ya matunda duka la pili.

"Mie sina kiu," alisema.

"Shahad."

Akashuka. Msellem alizima gari. Nilitazama kioo cha mbele, palipokuwa na vumbi na alama ya kifuta kioo.

"Uliniambia Alaa ni ndugu yako wa ziwa," nikasema.

"Mimi? Sikusema ndugu."

"Ulisema mlikuwa wa ziwa moja. Na mama yako hakumnyonyesha mtu mwengine. Nimemuuliza."

Akanigeukia. Uso wake haukuonyesha hofu. Ulionyesha mtu aliyepotea njia.

"Mama kumnyonyesha mtu kumeingiaje?"

"Ziwa," nikasema.

"Ziwa, ndiyo. Tanganyika. Nyumba zetu zilikuwa ufukweni, Bujumbura. Tuliogelea hapo. Hilo ndilo ziwa." Akasubiri. "Kwani kwenu Unguja ziwa ni nini?"

Nilihisi moto kuanzia shingoni hadi masikioni. Ni mume wangu kwa sheria, na sikuweza kuonyesha wala kutaja. Nikavuta shela yangu mbele.

Alielewa. Akatazama usukani, akawa mwekundu na yeye. Kwa muda mdogo tulikaribia kucheka. Kisha nikaona kwamba jambo halikupungua, limezidi. Hakuniambia uongo, na kwa hivyo Alaa hakuwa ndugu yake hata kidogo. Maziwa yale niliyatia mimi. Nilimpa udugu mtu ambaye yeye hakumpa.

Nikasema kwa Kiarabu, polepole, "Ni yeye mwanamume, au ni yeye mwanamke?"

Safari hii alijibu kwa Kiarabu. "Mwanamke."

Akanieleza huku ameshika usukani wa gari lililosimama. Yeye alitangulia kuja Maskati mwaka 1993. Alaa alibaki Bujumbura, na ndoa yao ilifungwa kwa wakala, harusi ikawa inangojwa kama yetu. Baada ya mwaka Bi Sayyida aliandikiwa na jirani kwamba Alaa ameonekana mara tatu ndani ya gari la mwanamume. Mama alimsomea Msellem barua ile jikoni. Msellem alipiga simu kwa baba yake Alaa, akatoa talaka kwa maneno machache, na akakata.

"Yule mwanamume alikuwa mjomba wake," alisema. "Alikuwa anampeleka kwa daktari wa macho. Nilikuja kujua baada ya miaka miwili, na baadaye nikasikia yuko kule kisiwani. Sikuuliza, Muhsina. Hata neno moja sikuuliza. Nilitaka nimuombe radhi uso kwa uso kabla sijaanza nyumba na wewe."

"Na mie ningekaa wapi wakati huo? Baharini, nalisha wale taa?"

Akafuta vumbi la usukani kwa kidole.

"Alaa anajua kama unakwenda?"

"*La. Ma tidri.*" Hajui. Ile *ta* ilisikika vizuri.

Nilifikiri nitalia, lakini nilichokiona mbele ya macho yangu ni msichana wa Bujumbura anayeitwa kwenye simu ambayo imeshakatwa. Nilimuonea huruma yeye kabla ya kujionea huruma mimi. Na bado sikumwamini Msellem. Hadithi ile ilikuwa nzuri, na hadithi nzuri ndiyo ya kutazamwa mara mbili.

"Nipe nambari ya hoteli," nikasema.

Nilidhani atakataa. Aliitoa pochini kwenye kikaratasi kilichochakaa kwenye mikunjo. Shahad alirudi na vikombe vitatu vya embe, akatutazama, akakaa kimya pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. Msellem alimwambia mtu wa ofisi kwamba tutarudi jioni wakifungua tena.

Baada ya sala ya alasiri, kule ni asubuhi. Nilijifungia chumba cha baba chenye simu. Mwanamke wa mapokezi aliuliza kwa Kiingereza, nikataja jina la Alaa, na sauti ile ile ikahamia Kiswahili.

"Ni mimi. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Muhsina. Napiga kutoka Maskati. Mie... nimeolewa na Msellem."

Nyuma yake nilisikia vyombo na mtu akiburuta sanduku.

"Amekufa?"

"La. Mzima. Anataka kuja huko na meli, akuombe radhi kwa lile la barua. Hajui la kukuambia. Mie nimekupigia nikuulize kama unataka."

"Amekutuma?"

"Hakunituma. Nilimwomba nambari."

Alicheka kidogo, si kwa furaha. "Basi wewe una moyo. Huyo hakuniuliza hata saa ngapi." Kisha akasema, "Radhi nilishampa siku nyingi, dada, ili nilale. Kumuona sitaki. Nina mume, nina mtoto, nina kazi. Asije kujisafisha kwenye baraza yangu."

"Nimefahamu."

"Hiyo meli ina njia mbili, siyo? Nyingine inakwenda wapi?"

"St. Thomas. St. Maarten. Fukwe."

"Nendeni huko. Huku wakati huo upepo unavuma, mashua haziteremshi watu." Kisha akauliza, "Na wewe, ukisikia neno juu yake, utafanya nini?"

"Nimeshalisikia," nikasema. "Ndiyo nimekupigia."

Jioni tulirudi Ghubra. Mtu wa ofisi alitandaza karatasi zote mbili. Nikaweka kidole juu ya mashariki. Msellem alichukua kalamu na kutia saini bila kubisha. Mtu wa ofisi akaomba pasipoti. Ya Msellem ilikuwa juu ya meza. Yangu ilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa mapajani mwangu, na mikono yangu yote miwili ilikuwa juu yake.

Msellem hakuwa ameniuliza kitu tangu tutoke nyumbani. Alijua nimepiga simu. Aliona nimechagua. Angeweza kukisia, kama alivyokisia zamani, na akaishi na kisio lake. Nilimtazama anavyozungusha kifuniko cha kalamu. Shahad alianza kukohoa, nikamkanyaga mguu.

"Dada, pasipoti," alisema mtu wa ofisi.

Sikufungua mkoba.

Msellem aliweka kalamu chini. Akageuza kiti chake kizima, mbele ya mgeni na mbele ya mdogo wangu.

"*Mo qaalat?*" aliuliza. Alisema nini, yule mwanamke.

Herufi ile ya mwisho, ile *ta* ya mwanamke, aliitamka mwenyewe. Nikamwambia yote, na la baraza pia, na sikulilainisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikafungua mkoba.