Anaingia, Anakaa, Anakula

…eti Adau aliongeza maneno jukwaani, aongeze maneno gani, msichana ambaye hakufungua mdomo toka pazia lilipofunguliwa hadi lilipofungwa, Fulgensio aliwaza, shuka imemkaba shingoni, shavu moja jeupe, la pili bado msitu, mashine ya kunyolea imekufa katikati ya kidevu na Opio kinyozi yuko nje anaipiga jenereta mateke, saa nne kamati ya nidhamu inamngoja chuoni, kamati! wazee watano na chupa tano za maji, mwalimu wa maigizo eleza, na la kueleza keshapangiwa, jana mkuu wa kitivo alimshika mkono kama anamtongoza, "Ustaz Fulgensio, sema tu Adau alicheza kitu ambacho hakikupitishwa, khalas, yaishe, wewe ni mgeni hapa, kibali chako kinakwisha," mgeni! walipomvusha mpaka kumtoa kwao Gulu aje afundishe darasa lisilo na paa, mkataba wa amani bado wino mbichi, alikuwa ndugu, sasa amegeuka mgeni…

"Mwalimu, hii watu iko naweka maji kwa petroli!" Opio akapaza sauti huko nje, "vumilia!"

…kuvumilia ndiyo kazi yake, haya, kilichopitishwa ni kipi, maana siku hizi hata shairi la mapenzi halipandi jukwaani mpaka yule bwana wa usalama mwenye chumba jirani na maktaba aligonge muhuri, na mchezo wenyewe ulikuwa mdogo, mheshimiwa anakuja kufungua kisima, basi, bwana akashika kalamu nyekundu akafyeka hotuba, akafyeka majibu ya wanakijiji, akafyeka hata "habari za asubuhi", habari zipi, aliuliza, nani anataka kujua habari? lakini yale maelekezo ya kwenye mabano hakuyagusa, alidhani ni ya fundi wa kupanga viti, maskini, hajawahi kuona mchezo maishani na ndiye mlinzi wa michezo yote, anaingia, anakaa, analetewa kuku, anakula, watu wanamtazama, anaendelea kula, muhuri, pap! na Adau, aliyekulia Nairobi na bado anaongea kama huko, akayatazama akacheka, "Mwalimu, si hii ndiyo wametuachia? Tucheze hii!" naye akasema chezeni, tena alisema kwa mikono miwili…

…mto tumboni, koti la kuazima, Adau akamla yule kuku mzima bila haraka, akamumunya mpaka mifupa, wenzake wamesimama na madumu matupu, na ukumbi ukacheka, ukacheka mpaka watu wakashikana mabega, halafu ukaacha kucheka, hapo ndipo palipowauma wakubwa, kicheko wangesamehe, wao wenyewe mstari wa mbele walikuwa wanacheka, ni ule ukimya, watu mia tatu wanamtazama mtu anakula, na kesho yake askari wa getini ameambiwa asimruhusu, muhula mmoja tu umebaki, msichana anakaa ng'ambo ya barabara na vitabu mapajani, anawaona wenzake wanaingia kwenye mtihani, pumbavu, pumbavu zenu nyote…

"Wewe iko natukana nani?" Kichwa cha Opio kilitokeza mlangoni, mikono myeusi kwa oili. "Mimi ama jenereta?"

"Hapana, ndugu yangu. Endelea."

"Mbona leo hapana chekesha? Kila siku iko nachekesha mpaka wateja wanakataa kutoka kwa kiti."

…kweli, hata leo alikuwa na kichekesho tayari mfukoni, kizuri, cha mbuzi na mwenyekiti, ndivyo alivyopita vizuizi vya barabarani miaka yote, unamchekesha mwenye bunduki, anakupigia saluti, unapita, angewachekesha wale wazee watano, wapigane vikumbo, wamwambie ustaz wewe bwana! na katikati ya kicheko aponyoke na kibali chake na msichana abaki ng'ambo ya barabara, la, wallahi la, mjinga gani humpa kicheko mtu aliyemnyang'anya maneno, atasimama na sura hii hii, nusu mtu nusu kichaka, atasema mimi ndiye niliyewaambia wacheze, na hakuna tonge alilomeza Adau lisilokuwa na muhuri wenu, wamrudishe Gulu kama ni kumrudisha, halafu atanyamaza, awatazame, wao wanywe maji yao, naye aendelee kuwatazama…

Nje jenereta ilikohoa, ikazima.