Shayiri ya Hälltjärn

Siku ya tatu juu ya barafu, Tyra Hägglund alibakiza kidogo tu aangue kilio. Mtafiti huyo alikuja Hälltjärn, ziwa la kaskazini, kutafuta tope lenye mistari, lakini kila tulipopandisha mrija wa chuma kutoka chini ya ziwa, lilitoka tope la kahawia tupu, kama uji uliokorogwa.

Mimi, Disa, ni fundi wa maabara yake. Barafuni kazi yangu ilikuwa kuunganisha fito, moja juu ya nyingine, mpaka mrija ufike chini. Mwezi wa tatu ulikuwa unakatika. Jua likipanda, barafu iliguna chini ya miguu yetu. Wiki moja zaidi na hakuna mwenye akili ambaye angeikanyaga.

Ziwa zuri hujiwekea kumbukumbu. Kila theluji inapoyeyuka, maji huleta udongo mweupe. Baridi ikirudi, hutuama tope jeusi. Mstari mweupe na mweusi, mwaka mmoja umekwisha. Na ndani ya kila mstari imelala chavua, lile vumbi la maua ya mwaka ule, ambalo haliozi hata baada ya miaka elfu kumi. Hesabu mistari, utajua ni mwaka gani. Tazama chavua, utajua nini kiliota. Lakini tope likichanganyika, kumbukumbu zote zimechanika.

Hatua kama sitini kutoka kwetu, mama mmoja mzee alikuwa ameketi juu ya ngozi ya kulungu akivua samaki kwenye tundu alilotoboa barafuni. Siku tatu alitutazama bila neno. Siku hiyo akapaza sauti.

"Wanangu, mnavua nini hapo? Maana kama ni samaki, ndoano yenu ni kubwa mno!"

"Tunavua tope, bibi!" Tyra akajibu.

"Tope? Na hata tope linawashinda?"

Alicheka mpaka kofia ikamteleza. Kisha akatuita tunywe kahawa. Jina lake Gudrun Bylund, miaka sabini na moja, nyumba yake ndiyo ile ya ukingo wa mashariki. Alitumbukiza vipande vya jibini ndani ya kahawa, kama ilivyo desturi ya kwetu kaskazini, na Tyra akamweleza shida yake: alihitaji sehemu yenye kina kirefu kuliko zote, ambako maji hayatikisiki na hakuna minyoo ya kuchimbua tope.

"Mbona mko mbali nayo," Gudrun akasema. "Ramani yenu ilichorwa na mtu aliyekaa ofisini. Uzi wangu wa kuvulia unajua. Kuna shimo pale, karibu na mwamba mwekundu. Mita ishirini na mbili."

"Tupeleke, bibi, tafadhali!"

"Nitawapeleka. Lakini na mimi nina langu." Aliweka kikombe chini. "Mtaniambia kama kuliwahi kuota shayiri mlimani kwangu, pale nyuma ya nyumba. Zamani. Kabla ya tauni kuu, ile ya miaka karibu mia saba iliyopita."

Hapo ndipo tukasikia habari ya mwalimu Valfrid. Miaka thelathini iliyopita, kwenye mkutano wa kijiji, Gudrun alisimama akasimulia alichoambiwa na bibi yake: kwamba mlimani palikuwa na shamba la watu wa kale, na tauni ikawamaliza wote, msitu ukalifunika. Mwalimu Valfrid Sjödin, aliyekuwa ameandika historia ya kijiji, akamjibu mbele ya watu wote: "Gudrun, hapa palikuwa msitu mtupu mpaka miaka mia nne iliyopita. Bibi yako alikuwa fundi wa hadithi, si wa tarehe." Watu wakacheka. Tangu siku ile, wakikutana dukani, Gudrun alimsalimia mwalimu kwa nyusi tu.

Tukahamia kwenye mwamba mwekundu. Tulitoboa barafu, tukashusha fito kumi, kumi na tano, ishirini na tatu. Tyra akazungusha mpini, tukavuta, mrija ukagoma. Tukavuta tena. Barafu ikatoa mlio mrefu kama mlango wa ghala, nami nikaachia fito na kuruka nyuma.

"Usikimbie!" Gudrun akafoka. "Barafu inayolia ni nzima. Ogopa iliyonyamaza. Shika, we binti!"

Akajipenyeza kati yetu, akakumbatia fito kama anayemvuta ng'ombe kwenye matope, akahesabu: moja, mbili, tatu. Mrija ukang'oka kwa ghafla, sote watatu tukakaa chini kwa makalio.

Tyra alifungua kifuniko cha mrija. Akapangusa tope kwa kisu. Akainama, pua karibu iguse tope.

"Ni nini?" nikauliza. "Tyra, ni nini?"

Mistari! Myembamba kama kurasa za kitabu, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, mita nzima. Tyra alipiga kelele iliyopeperusha kunguru wote wa ukingo wa pili. Alimkumbatia Gudrun, akanikumbatia mimi, akataka kulikumbatia hata tope lenyewe nikamzuia. Kwa siku mbili tulivuta mita tano na nusu, na tulipoondoka, maji yalikuwa yameanza kusimama juu ya barafu.

Maabarani tulihesabu mistari mara mbili, kila mtu peke yake, ili tusidanganyane. Hesabu zetu zilitofautiana kwa miaka michache tu. Kisha tukachukua vipande vidogo, tukaviosha kwa asidi mpaka ikabaki chavua, na Tyra akakaa kwenye hadubini.

Alianzia chini kabisa. Huko, miaka elfu sita nyuma, alikuta chavua ya mhazeli tele, mti wenye kokwa za kuliwa, ambao leo ukiupanda Hälltjärn haumalizi baridi ya kwanza.

"Palikuwa na joto, Disa! Watoto walikuwa wanaokota kokwa pale!" Kila nusu saa alikuwa na jipya. Mihazeli inapungua. Baridi inaingia. Msprusi unafika, mti wa giza wa jamii ya msonobari, chavua yake ina vifuko viwili vya hewa kama masikio ya panya, nao unajaza milima yote.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, akanipungia mkono. Nikajua amekuta kitu.

"Njoo uangalie. Usiniambie nimeona nini. Niambie wewe umeona nini."

Niliinama. Katikati ya vumbi lile palikuwa na duara kubwa, safi, lenye tundu moja na pete kuzunguka tundu.

"Shayiri," nikasema.

Chavua ya shayiri ni nzito, haisafiri. Ukiikuta ziwani, shamba lilikuwa ukingoni. Mstari ule ulikuwa wa mwaka wa elfu moja na tisini, au karibu na hapo. Tukapanda juu, kipande kwa kipande: shayiri ipo, majani ya malisho yapo, mkaa wa moto upo. Miaka mia na hamsini, mia mbili. Kisha, tulipofika miaka ya elfu moja mia tatu na hamsini, hakuna. Tukahesabu chembe mia tano, hakuna hata moja. Kipande kilichofuata ni mbetula, mti unaowahi kumea shambani pakiachwa. Baada yake, msprusi.

Tyra aliweka mikono kichwani. "Miaka ya tauni," akanong'ona, halafu akapaza sauti: "Disa, chukua ufunguo wa gari!"

Saa tatu nzima njiani, kisha tukamweleza Gudrun yote. Alivaa koti la kanisani. "Twendeni kwa Valfrid," akasema.

Mwalimu alikuwa sasa kwenye nyumba ya wazee, miaka themanini na minane, blanketi magotini. Gudrun alisimama mbele yake, na njia nzima alikuwa ameandaa maneno makali. Nilimsikia akiyajaribu kwenye kiti cha nyuma.

"Valfrid. Shayiri imepatikana."

Tyra akafungua picha, akaeleza. Mwalimu alisikiliza bila kupepesa macho. Nilimwogopea mzee wa watu. Kisha uso wake ukawaka, akajipiga paja kwa kiganja.

"Miaka mia mbili na sitini ya watu, na mimi niliandika msitu mtupu! Gudrun, nilikosa. Nilikukosea mbele ya watu, na nitasema mbele ya watu." Akamgeukia Tyra kabla hatujameza hilo. "Lakini walikuwa na ng'ombe? Msitu waliuchoma wote au kidogokidogo? Na wengine walirudi lini? Sema, mwanangu, sina muda wa kupoteza!"

Gudrun alimtazama, maneno yote makali yamempotea. Akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Hebu songa na mimi nione hiyo picha," akasema. "Na wewe Tyra, jibu swali la mwalimu. Ng'ombe walikuwepo?"